Sentensi za Shule, Visa vya Umri

Mwaka 1995 Iris Murdoch alichapisha riwaya yake ya 26, Jackson's Dilemma. Alikuwa na umri wa miaka 76. Wasomaji waliomfuata tangu riwaya ya kwanza ya 1954, Under the Net, ile inayozurura kwenye baa na vichochoro vya London, waliona kuna kitu kimelegea. Wahusika waliingia na kutoka bila sababu, na mambo yaliyopaswa kuelezwa yaliachwa yakielea. Wapo wahakiki waliodhani ni mbinu mpya, maana mwandishi mkubwa akiteleza watu huanza kwa kutafuta falsafa katika utelezi wake. Haikuwa falsafa. Haikupita miaka mingi madaktari wakagundua kuwa ana ugonjwa wa Alzheimer, na baada ya kifo chake, Februari 1999, uchunguzi wa ubongo ukathibitisha.

Peter Garrard na wenzake wa University College London walifanya jambo ambalo wasomaji wa fasihi hawapendi kulifanya: walizihesabu riwaya badala ya kuzisoma. Walichukua tatu, ya kwanza ya 1954, The Sea, the Sea ya 1978 iliyompa tuzo ya Booker, na ile ya mwisho, wakaziingiza kwenye kompyuta. Murdoch aliwafaa sana kwa kazi hiyo. Aliandika kwa mkono, alifuta kidogo, na hakuwaruhusu wahariri waguse maneno yake. Kwa hiyo kilichokuwa kwenye kurasa kilikuwa chake, si cha mtu wa ofisini. Matokeo yalitoka mwaka 2005 katika jarida la Brain. Sarufi ilikuwa karibu ileile miaka yote 41, sentensi zikijengwa kama alivyozijenga ujanani. Kilichopungua ni msamiati. Katika kitabu cha mwisho maneno mapya yalikuja polepole, na yaliyokuja yalikuwa ya kawaida, yale yanayotumiwa na kila mtu.

Murdoch alisoma Oxford, akafundisha falsafa hukohuko. Mtu anaweza kusema hapo ndipo elimu ilipoonekana: fundi aliyefunzwa vizuri huendelea kusimamisha ukuta hata mawe yakimwishia. Sipingi. Ila tumtazame mwanamke mwingine wa zama zilezile, aliyezaliwa mwaka mmoja tu baada yake.

P. D. James aliacha shule akiwa na miaka 16. Hakuenda chuo kikuu. Alifanya kazi ya uongozi katika hospitali za London, kisha serikalini katika Wizara ya Mambo ya Ndani, mume wake akiwa mgonjwa na watoto wakimtegemea. Riwaya yake ya kwanza, Cover Her Face, ilitoka 1962, mwenyewe akiwa na miaka 42. Aliendelea kuandika hadi alipopita miaka 90. Mwaka 2011 watafiti wa Toronto waliwaweka pamoja James, Murdoch na Agatha Christie, wakapima riwaya zao moja baada ya nyingine. Msamiati wa Murdoch ulishuka mwishoni, wa Christie pia, na watafiti wakashuku kwamba Christie naye alikuwa akiugua. Wa James ulisimama imara. Aliyeacha shule akiwa na miaka 16 aliandika uzeeni kama alivyoandika katika umri wa makamo.

Watu watatu hawatoshi kuweka kanuni, lakini wanatosha kutikisa desturi tuliyoizoea ya kuunganisha mambo matatu kana kwamba ni moja: umri, ugonjwa na shule. Mzee akiandika kwa sentensi fupi tunasema akili imechoka. Asiyesoma akiandika kwa sentensi fupi tunasema hana elimu. Ugonjwa ukiingia tunasema ni uzee. Kila kimoja kati ya hivyo huacha alama yake kwenye maandishi, na alama hizo hazifanani.

Tuanze na umri wenyewe, bila ugonjwa. Mtafiti aliyeshughulika nao kuliko wengi ni Susan Kemper wa Chuo Kikuu cha Kansas, Marekani. Mwaka 1987 alichapisha uchambuzi wa shajara za watu walioandika kwa miongo mingi, akaona kwamba kadiri mwandishi alivyozeeka ndivyo sentensi zake zilivyopungua mikunjo. Hasa zilipungua zile zinazomtaka mtu abebe mzigo kabla hajafika kwenye kitenzi kikuu. Kwa Kiswahili mfano wake ungekuwa huu: "Yule mzee ambaye mwanawe aliyetupokea Heathrow alisoma na kaka yangu alifariki jana." Ili kuandika hivyo, au kusoma, lazima umshike mzee mkono mmoja, mwana mkono wa pili, kaka sijui wapi, mpaka kifo kitokee mwishoni. Mwandishi wa miaka 80 ataandika: "Mzee amefariki jana. Mwanawe ndiye aliyetupokea Heathrow. Alisoma na kaka yangu." Habari ni ileile. Kilichobadilika ni nafasi akilini ya kushika mambo kadhaa kwa wakati mmoja, nayo hupungua na miaka kwa mzima na kwa mgonjwa.

Lakini mwaka 1990 Kemper na wenzake wakatoa jambo la pili, ambalo kwa maoni yangu lina uzito kuliko la kwanza. Waliwataka watu wa miaka 60 na kuendelea wasimulie visa. Wenye umri mkubwa zaidi walitumia sarufi nyepesi, kama ilivyotarajiwa. Visa vyenyewe, hata hivyo, vilikuwa na mpangilio tajiri zaidi: tukio ndani ya tukio, mwisho uliofungwa, na neno la kusema kisa hicho kilikuwa na maana gani. Wasikilizaji walipoulizwa ni visa vipi bora, walivichagua vya wakongwe. Sentensi inapopunguza mikunjo, kisa kinaiongeza.

Mwaka 2003 James Pennebaker na Lori Stone walitazama maandishi ya watu wa rika mbalimbali, pamoja na ya waandishi kumi mashuhuri wa karne zilizopita, wakakuta linalokwenda kinyume na mzaha wetu kuhusu wazee. Kadiri umri ulivyopanda, waandishi walijitaja wenyewe kidogo zaidi, maneno yao ya furaha yaliongezeka na ya huzuni yakapungua, na vitenzi vya wakati ujao viliongezeka huku vya wakati uliopita vikipungua. Mzee anayeng'ang'ania "zamani sisi" yupo, sote tunamjua, ila akishika kalamu si lazima awe huyo.

Na shule? Hapa ushahidi unaopendwa zaidi na magazeti ni ule wa masista wa Notre Dame wa Marekani, utafiti ulioongozwa na David Snowdon, ambao Kemper naye alishiriki. Mwaka 1996 walieleza walichokipata katika tawasifu za masista 93 wa Milwaukee, kila moja kama ukurasa mmoja, zilizoandikwa walipokuwa na wastani wa miaka 22, kabla ya kuweka nadhiri. Zaidi ya nusu karne baadaye, wale ambao katika ujana wao waliweka mawazo machache ndani ya maneno mengi ndio waliofanya vibaya katika vipimo vya kumbukumbu, na ndio walioandamwa zaidi na Alzheimer. Uzuri wa utafiti huo ni kwamba masista waliishi maisha yanayofanana: chakula kimoja, kazi ya ualimu kwa wengi wao, hakuna pombe wala sigara wala uzazi. Ubaya wake ni jinsi ulivyosimuliwa baadaye. Watu walianza kuambiwa waandike sentensi nzito ili wasisahau uzeeni. Utafiti haukusema hivyo. Ukurasa wa msichana wa miaka 22 unaweza kuwa dalili ya ubongo alionao tayari, na dalili haitibu kitu.

Nadhani London ya miaka ya 1970 inatufundisha zaidi kuhusu shule kuliko utawa wa Milwaukee, kwa sababu huko watu wazima wasio na shule walishika kalamu kwa wingi, na maandishi yao yalichapishwa.

Mwaka 1974 kampeni ya Right to Read ilitangaza kwamba Uingereza ina watu wazima wasiopungua milioni 2 wasioweza kusoma na kuandika ipasavyo. Nchi iliyokuwa imepeleka walimu wake hadi Masasi na Mombasa ilishtuka kujiona kwenye kioo. Mwaka uliofuata BBC ikaanza kipindi cha televisheni, On the Move, ambamo Bob Hoskins aliigiza mfanyakazi wa kuhamisha samani asiyejua kusoma, na maelfu ya watu wakajitokeza kuomba mwalimu. (Tanzania wakati huo ilikuwa mbele. Nyerere alikwishautangaza 1970 kuwa mwaka wa elimu ya watu wazima, na madarasa ya kisomo yalikuwa yamejaa mpaka chini ya miembe.)

Walimu wa kujitolea wa London waligundua mapema kwamba mtu wa miaka 45 hawezi kufundishwa kwa kitabu cha mtoto. Wakafanya hivi: mwanafunzi anasimulia, mwalimu anaandika kama alivyosikia, kisha mwanafunzi anajifunza kusoma maneno yaliyotoka kinywani mwake. Kutokana na kazi hiyo likazaliwa gazeti, Write First Time, lililoandikwa na wanafunzi wenyewe kuanzia 1975 hadi fedha za serikali zilipokatwa 1985. Huko Hackney, barabara ya Kingsland, duka la vitabu la Centerprise lilikuwa na mkahawa, chumba cha kisomo na idara ya uchapishaji chini ya paa moja. Mwaka 1974 lilichapisha A Licence to Live, kumbukumbu za Ron Barnes, dereva wa teksi wa mtaani hapo. Miaka miwili baadaye likatoa kitabu chake cha pili, kuhusu vizazi vitatu vya ukoo mmoja wa mashariki ya London.

Wakati huohuo, umbali wa safari fupi ya basi, Basil Bernstein alikuwa akifundisha katika Taasisi ya Elimu ya London. Nadharia yake, iliyokusanywa katika kitabu cha 1971, ilisema kwamba watoto wa tabaka la kati hutumia lugha inayojieleza yenyewe hata kwa mgeni, na watoto wa wafanyakazi hutumia lugha inayomtegemea msikilizaji aliye ndani ya jambo. Wengi waliichukua nadharia hiyo kuwa hukumu, ingawa mwenyewe alikana. Kutoka Marekani William Labov alikuwa amekwishajibu, 1969. Aliweka maneno ya kijana wa Harlem wa miaka 15 kando ya maneno ya mtu mzima aliyesoma chuo, wote wakijibu maswali magumu ya imani, akaonyesha kwamba kijana alikwenda moja kwa moja kwenye hoja, na msomi alizunguka na kujikinga hadi hoja ikapotea. Shule hutupa viunganishi, lakini pia hutufundisha kujificha nyuma yake. Kila aliyewahi kusoma ripoti ya semina anajua.

Labov ndiye pia aliyeonyesha, pamoja na Joshua Waletzky mwaka 1967, kwamba kisa cha mtu wa kawaida kina viungo vyake: mahali na watu, tukio, mwisho, na katikati yake yote jibu la swali ambalo msikilizaji asiye na adabu angeuliza, "Ndiyo nini sasa?" Kiungo hicho cha mwisho hakifundishwi darasani. Hukua kwa kuishi, kwa kusimulia kisa kilekile mara nyingi na kuona watu wanasinzia wapi.

Sisi watu wa Afrika Mashariki tuna mashahidi wetu katika jambo hili, na wengi walipita London au maandishi yao yalipita.

Wa kwanza ni Salme binti Said, mtoto wa Sultani, aliyezaliwa Unguja 1844. Wasichana wa kasri walifundishwa kusoma Kurani, kuandika wakanyimwa. Aliiba ujuzi huo mwenyewe, akinakili herufi za msahafu kwenye mfupa wa bega la ngamia. Kuweza kuandika kulimponza mapema: mwaka 1859, akiwa na miaka 15, ndugu zake waliokuwa wakimpangia njama Sultani Majid walimfanya karani wao, kwa kuwa yeye ndiye aliyeweza kuandika barua. Miaka saba baadaye akakimbia, akaolewa na Mjerumani, akaitwa Emily Ruete, akawa mjane 1870. Mwaka 1875 alikuja London akitumaini kuonana na kaka yake Barghash, sasa Sultani, aliyekuwa ziarani, na Sir Bartle Frere, mwanadiplomasia wa Uingereza, akamshawishi aache kwa ahadi ambazo hazikutimizwa.

Kumbukumbu zake zilitoka Berlin mwaka 1886, kwa Kijerumani, lugha aliyojifunza ukubwani. Ni kitabu chenye mpango: sura ya mavazi, sura ya harusi, sura ya utumwa, mwandishi akimweleza mgeni kila kitu kana kwamba amesimama mlangoni pa nyumba. Bernstein angekipa alama nzuri. Lakini aliacha maandishi mengine, barua kwa rafiki wa Unguja, alizoziandika baadaye na ambazo hazikuchapishwa mpaka 1993, miaka 69 baada ya kifo chake. Humo hamna sura za mavazi. Kuna baridi, deni, watoto watatu, dini aliyoiacha na aliyoipokea, na mwanamke anayetazama maisha yake bila kujitetea sana. Mtu ni yuleyule, shule yake ileile ya mfupa wa ngamia. Miaka ndiyo iliyoongezeka, na kwangu mimi barua hizo ni maandishi bora kuliko kitabu kilichompa jina.

Wa pili ni Tippu Tip, mfanyabiashara wa pembe na watumwa, mtu ambaye simpendi na siwezi kuacha kumsoma. Hamed bin Muhammed, ndilo jina lake halisi, aliandika maisha yake Unguja mwanzoni mwa karne ya 20, kwa hati za Kiarabu, akihimizwa na Mjerumani Heinrich Brode. Alikuwa amepita miaka 60; alikufa 1905. Elimu yake ilikuwa ya chuo cha Kurani na ya njiani. Maandishi yake yanakwenda kwa -ka- na -ka-: tukaenda, tukafika, wakasema, nikasema. Mwalimu wa insha angepaka karatasi rangi nyekundu. Lakini angalia anavyoshika kisa: nani anamdai nani, frasila ngapi za pembe, nani alisema nini na nani alidanganya, kutoka pwani hadi Manyema, bila kupotea. Watu waliouzwa na kuuawa njiani anawapita kwa sentensi fupi kama wengine, na huo ufupi unatuambia kuhusu mwandishi mambo ambayo yeye hakukusudia kutuambia. Mwaka 1958 na 1959 maandishi hayo yalitolewa tena na Wilfred Whiteley, aliyekuja kuwa profesa katika chuo cha SOAS hapa London.

SOAS hiyohiyo inatunza miswada ya Muhamadi Kijuma wa Lamu, mwanazuoni, fundi wa kuchonga na mwandishi wa hati nzuri. Mingi ya miswada aliyompelekea mkusanyaji William Hichens aliiandika miaka ya 1930, mwenyewe akiwa mzee wa miaka zaidi ya 70. Na Ham Mukasa wa Buganda, katibu wa Katikiro, yaani waziri mkuu, Apolo Kagwa, aliandika kwa Kiganda safari yao ya London ya 1902, walipokuja kwa kutawazwa kwa Edward VII na kukuta sherehe imeahirishwa kutoka Juni hadi Agosti kwa ugonjwa wa mfalme. Tafsiri ya Kiingereza ilichapishwa hapahapa London 1904. Alisoma kwa wamisionari, si katika chuo kikuu chochote.

Jambo moja shule hulifanya ambalo kompyuta ya Garrard isingeliona: humchagulia mtu lugha ya kuandikia. Abdulrazak Gurnah alizaliwa Unguja 1948 akizungumza Kiswahili, akaja Uingereza akiwa kijana wa miaka ishirini hivi, akafanya kazi hospitalini, akasoma mpaka shahada ya uzamivu mwaka 1982, na riwaya ya kwanza ikatoka 1987. Ilikuwa kwa Kiingereza, kama zote zilizofuata hadi Nobel ya 2021. Shaaban Robert, ambaye masomo yake ya darasani yaliishia katika miaka ya 1920 huko Dar es Salaam, aliandika kwa Kiswahili maisha yake yote.

Leo London imejaa watu wenye safari kama hizo. Wapo Wazanzibari walioondoka baada ya Mapinduzi ya 1964, Wahindi wa Kenya wa 1968 na wa Uganda wa 1972, Wabarawa waliokimbia vita vya Somalia, Wakongo wa mashariki. Wengi sasa ni babu na bibi. Barua zao za serikali huandikwa na wajukuu, nao wamezoea kujisikia hawajui kuandika. Mjukuu aliyesoma hapa akipewa daftari la bibi, mkono wake hauachi kurekebisha: anaunganisha sentensi, anapanga matukio kwa tarehe, anafuta ile sehemu bibi aliporudia jina la jirani mara tatu. Kinachobaki ni insha ya mjukuu.

Kwa hiyo ombi langu ni kwa mjukuu. Kama bibi anaandika, mwachie. Kama haandiki, fanya kama walivyofanya walimu wa Hackney: msikilize, andika alivyosema, msomee, umwulize kama ndivyo. Tahajia rekebisha, mpangilio usiguse. Andika juu ya ukurasa jina lake, mahali alipozaliwa, tarehe mliyokaa. Ukiona kwamba maneno yanaanza kumwishia, ya kawaida yakichukua nafasi ya yale aliyokuwa akiyatumia, usiseme ni uzee; mpeleke kwa daktari. Daftari likijaa, tengeneza nakala, na zungumzeni naye kuhusu mahali pa kuliweka. Taasisi ya Bishopsgate, karibu na kituo cha Liverpool Street, ina hazina ya maelfu ya shajara za watu wa kawaida, mradi ulioanza 2007. Kabla ya kupeleka popote, hakikisha mwenyewe ameridhia.